Jotoardhi na Nishatimimea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila panapozungumzwa nishati safi, vyanzo hivi viwili, jotoardhi (joto la chini ya ardhi) na nishatimimea (mafuta na gesi ya mimea), hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni mapacha. Si mapacha. Kimoja huchimbwa kilomita mbili au tatu chini ya ardhi, kingine hulimwa juu yake, na matatizo yao hayafanani. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi, wakulima na watu waliochoshwa na bili ya umeme. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yana mengi ndani yake. Mengine jibu lake ni fupi, nami sikutaka kulivuta.

Jotoardhi na umeme wa mvuke ni kitu kimoja?

Ndiyo. Watanzania wengi husema jotoardhi, Wakenya wengi husema mvuke. Mimi napenda jotoardhi kwa sababu linataja chanzo chenyewe, yaani joto. Mvuke ni mbebaji tu.

Umeme unapatikanaje humo?

Kinachimbwa kisima. Visima vingi vya Olkaria, karibu na Naivasha, hufika mita 2,000 hadi 3,000, na huko chini joto linaweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi. Maji yaliyonaswa kwenye nyufa za miamba yamebanwa kiasi kwamba hayachemki hata yakiwa na joto hilo. Yakipata upenyo wa kupanda, shinikizo hupungua na sehemu yake hugeuka mvuke. Mvuke hutenganishwa na maji, hupita kwenye mabomba hadi kwenye turbini, na turbini huzungusha jenereta. Maji yanayobaki hurudishwa ardhini kupitia visima vingine.

Pale ambapo maji ya ardhini hayana joto la kutosha, hutumiwa kupasha kimiminika kingine kinachochemka upesi, na mvuke wa kimiminika hicho ndio unaosukuma turbini.

Jambo hili si geni. Huko Larderello, Italia, mwaka 1904 waliwasha balbu tano kwa mvuke wa ardhini, na miaka michache baadaye wakawa na kituo cha umeme. Na wasomaji wa Lubumbashi wafurahie hili: Kiabukwa, katika Katanga, palikuwa na mtambo mdogo wa takriban kilowati 200 mwanzoni mwa miaka ya 1950, Olkaria ikiwa bado haijazalisha hata uniti moja.

Kwa nini Naivasha na si Mombasa?

Joto liko chini ya kila mji duniani. Kinachotofautiana ni umbali wa kulifikia. Katika Bonde la Ufa gamba la dunia linavutwa pande mbili, limekonda, na miamba iliyoyeyuka imepanda karibu na uso. Ndiyo maana maeneo yenye mvuke yamejipanga kulifuata bonde hilo kama shanga kwenye uzi: Aluto-Langano kule Ethiopia, Menengai, Eburru na Olkaria nchini Kenya, Natron mpakani, kisha Ngozi na Kiejo-Mbaka upande wa Mbeya. Mombasa utachimba mpaka fedha ziishe kabla hujafika penye joto la maana.

Faida yake kubwa kuliko zote ni ipi?

Haingoji mvua. Aliyekuwa Kenya mwaka 1999 na 2000 anakumbuka mgao wa umeme baada ya mabwawa ya Mto Tana kukauka. Tanzania ilipitia shida hiyohiyo mwaka 2006, kisha tena 2011. Jua linazama saa kumi na mbili jioni, na saa moja hadi saa nne usiku ndipo kila nyumba inawasha taa, televisheni na pasi. Upepo huja kwa ratiba yake. Mvuke hutoka mchana na usiku, masika na kiangazi, na mtambo mzuri unaweza kufanya kazi karibu mwaka mzima bila kusimama isipokuwa kwa matengenezo.

Leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 hadi 47 ya umeme unaozalishwa Kenya, kutegemea mwaka, kutoka kwenye mitambo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 900. Hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyo karibu na kiwango hicho. Safari ilikuwa ndefu. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950 na kuachwa. Mtambo wa kwanza, megawati 15 tu, uliwashwa 1981. Mruko mkubwa ulikuja 2014, zilipoongezwa megawati 280 kwa mkupuo, na Olkaria V ikafuata 2019.

Faida nyingine ni joto lenyewe, hata bila kugeuzwa umeme, na hii nadhani haisemwi vya kutosha. Shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, kwa miaka mingi lilipasha vitalu nyumba kwa joto la kisima cha mvuke. Usiku wa Naivasha ni wa baridi na unyevu, na unyevu huleta ukungu kwenye majani. Joto kidogo linaukausha na dawa za kuulia ukungu zinapungua. Pale Menengai wamefanya majaribio ya kuchemsha maziwa, kufua nguo na kufuga samaki kwa joto hilohilo. Na Eburru, ambako maji ya juu ya ardhi ni haba, wenyeji wamekuwa wakiukinga mvuke unaofuka mlimani, wanaupoza kwa mabomba, na matone yake wanakunywa. Tangu enzi za ukoloni palikuwapo hapo kikaushio cha pareto kinachotumia mvuke. Hakuna turbini wala gridi hapo, na bado ni nishati.

Sasa mbona bili yangu haijashuka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hasira zaidi, na hasira hiyo naielewa.

Mafuta ya dizeli unayanunua kila siku unapozalisha umeme. Jotoardhi unailipia karibu yote mwanzoni. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na unaweza kuchimba ukakuta miamba ni ya moto lakini mikavu, au ina maji yasiyo na shinikizo. Fedha hizo zikishaingia kisimani hazirudi. Nyingi ya fedha hizi ni mikopo ya kigeni, kwa hiyo shilingi ikiporomoka deni linapanda ingawa mvuke haujabadilika. Na hata baada ya mtambo kuwaka, visima hupungua nguvu pole pole na lazima vichimbwe vipya vya kuziba pengo.

Isitoshe, bili ya Kenya ina sehemu nyingi: bei ya uniti, tozo ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, kodi na ada nyingine. Jotoardhi huigusa hasa tozo ya mafuta. Baada ya zile megawati 280 za 2014, tozo hiyo ilishuka sana, na wanaotunza bili za zamani wanaweza kuliona hilo kwa macho yao. Lakini sehemu nyingine za bili hazikushuka pamoja nayo, na mlipaji huangalia jumla.

Kuna pia upotevu unaoniuma. Usiku wa manane matumizi hupungua, na mvuke usiohitajika huachiliwa hewani. Mvuke huo umelipiwa kwa mikopo yetu. Viwanda vinavyofanya kazi usiku, mabasi ya umeme yanayochajiwa saa nane za usiku, pampu za maji: vyote hivi vingeweza kuutumia, kama bei ya usiku ingekuwa ya kuvutia kwa watu wengi zaidi ya wenye viwanda vikubwa.

Je, mvuke haukauki kamwe?

Joto halikauki kwa kipimo cha maisha yetu. Maji yanayolibeba yanaweza kupungua, na hapo ndipo watu hukosea wanaposema chanzo hiki "hakiishi".

Mfano wa wazi ni The Geysers, California, eneo kubwa kuliko yote duniani kwa umeme wa aina hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shinikizo lilishuka kwa sababu mitambo iliongezwa kwa pupa na mvuke ukavutwa haraka kuliko maji yalivyoweza kurudi. Walichofanya baadaye ni cha busara: walianza kusukuma ardhini maji taka yaliyosafishwa kutoka miji ya jirani, na uzalishaji ukatulia. Wairakei, New Zealand, iliyoanza 1958, nayo ilivuta maji bila kuyarudisha kwa miaka mingi, na sehemu moja ya ardhi ikadidimia takriban mita 15. Shamba la mvuke hutunzwa kama kisima cha kijiji, kwa kupimwa, kupumzishwa na kurudishiwa.

Ile harufu ya mayai viza inadhuru?

Ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Kwa kiwango kidogo hukera pua tu. Kwa kiwango kikubwa ni sumu, na hatari yake ya pekee ni kwamba ikizidi hufisha uwezo wa kunusa, hivyo mtu hudhani imetoweka kumbe imeongezeka. Ndiyo maana wafanyakazi wa visima huvaa vipimo mwilini. Ukipita Olkaria kwa gari au baiskeli na kuinusa, huo ni usumbufu. Ukifanya kazi kwenye shimo au chumba kilichofungwa bila kipimo, hiyo ni hatari ya kufa.

Hewa ukaa nayo hutoka, ingawa ni kidogo sana ukilinganisha na makaa ya mawe. Kiasi hutegemea miamba. Baadhi ya maeneo ya Uturuki hutoa nyingi kwa sababu miamba yao ni ya chokaa. Kule Iceland, kwenye kituo cha Hellisheiði, huiyeyusha katika maji na kuirudisha chini, ambako hugeuka jiwe.

Uchimbaji huu unaleta matetemeko?

Mitetemo midogo, ndiyo, mara nyingi isiyosikika. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mbinu ya kupasua miamba mikavu kwa maji yenye shinikizo. Basel, Uswisi, mwaka 2006, mbinu hiyo ilileta tetemeko la 3.4 na mradi ukafungwa. Pohang, Korea Kusini, tetemeko la mwaka 2017 lilifika 5.4 na kujeruhi watu wengi, na uchunguzi ukalihusisha na mradi wa jotoardhi. Olkaria haitegemei mbinu hiyo, kwani nyufa na maji vipo tayari.

Na watu waliokuwa wakiishi pale?

Olkaria ni malisho ya Wamaasai, na mwaka 2014 familia za vijiji vinne zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Zilipelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Walijengewa nyumba za kudumu, shule na zahanati, na hilo lisifichwe. Lakini walalamikaji walieleza kwamba ardhi ina makorongo, barabara huharibika mvua ikinyesha, hati ya ardhi ilichelewa, na wamewekwa mbali na watalii waliokuwa wakinunua shanga na vinyago vyao. Walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Ukafanyika usuluhishi, na pande zikafikia makubaliano mwaka 2016.

Mimi hulirejea suala hili kila mtu anaposema jotoardhi haina hasara. Umeme ule unawasha taa Nairobi na Kisumu. Harufu, kelele za mvuke unaoachiliwa na kuhama nyumba vilimfikia mtu wa Olkaria. Hasara ya nchi nzima ni ndogo kweli, lakini imerundikwa juu ya kaya chache.

Wanyama wamepata ahueni kiasi. Mitambo imo ndani na pembeni ya Hifadhi ya Hell's Gate, na katika sehemu kadhaa mabomba yameinuliwa juu ili twiga wapite chini yake. Tai wa kwenye miamba ya hifadhi wana hatari nyingine, ya nyaya za umeme zinazokatiza anga lao.

Tanzania ina chemchemi za moto tele. Mbona hatuna umeme wa jotoardhi?

Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi ipo, chini ya TANESCO, tangu 2013. Uchunguzi umefanyika Ngozi, Songwe, Kiejo-Mbaka, Natron na Luhoi. Kikwazo ni kile nilichoeleza kwenye bili: hatua ya kuchimba visima vya kwanza ndiyo ghali na ndiyo yenye shaka, na benki hazipendi kukopesha shaka. Kenya ilivuka hapo kwa serikali kubeba hatari hiyo. Hata hivyo Menengai, ambako uchimbaji ulianza 2011, mtambo wake wa kwanza wa megawati 35 uliwaka 2023. Miaka kumi na miwili, katika nchi yenye uzoefu.

Sasa Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na wapo wanaoona jotoardhi haina haraka tena. Mimi naona kinyume. Kadiri nchi inavyoegemea mto mmoja, ndivyo inavyohitaji kitu kisichotegemea mvua.

Nishatimimea ni nini hasa?

Ni mafuta au gesi inayotokana na mimea au mabaki ya viumbe. Kuna ethanoli, ambayo ni pombe kali inayochachushwa kutoka miwa, molasi (masalia mazito ya kiwanda cha sukari), mahindi au muhogo, na huchanganywa na petroli. Kuna dizeli ya mimea, itokanayo na mawese, soya, alizeti au mbono (jatropha). Na kuna bayogesi, itokayo kwenye samadi na taka zinazooza bila hewa. Kuni na mkaa ni ndugu zao wa zamani, ila ukurasa huu hauwahusu.

Faida zake?

Kubwa ni kwamba hukaa kwenye tangi. Umeme wa mvuke hauwezi kuwekwa kwenye lori la Tunduma wala kwenye ndege. Kimiminika kinaweza. Pili, nchi isiyo na visima vya mafuta inaweza kuokoa fedha za kigeni. Malawi, ambayo haina bahari na mafuta yake husafiri mbali sana, imechanganya ethanoli ya molasi kwenye petroli tangu 1982. Brazili ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975 baada ya bei ya mafuta kupanda. Tangu 2003 inauza magari yanayokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa hizo, na hata petroli ya kawaida pampuni ina ethanoli ya zaidi ya robo. Miwa inawafaa kwa sababu makapi yake huchomwa kuendesha kiwanda kilekile, bila kununua nishati nyingine ya kuchemshia.

Kama inatoka kwenye mimea, kwa nini watu wanaipinga?

Chukua gunia la mahindi la kilo 90. Tani moja ya mahindi hutoa takriban lita 400 za ethanoli, kwa hiyo gunia letu litatoa lita 36. Ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya petroli, basi lita hizo 36 ni sawa na lita 24 za petroli. Gari dogo halijajaza tangi. Gunia hilo ni karibu na kiasi ambacho Mkenya mmoja hukadiriwa kula kwa mwaka. Kwa haki niseme kwamba karibu theluthi ya uzito wa mahindi hubaki kama machicha mazuri ya kulisha mifugo. Bado hesabu hiyo hunikosesha raha. Marekani hupeleka zaidi ya theluthi ya mahindi yake kwenye ethanoli, na bei ya mahindi duniani inalihisi hilo.

Hoja ya pili ni ya hewa ukaa. Mmea hunyonya hewa ukaa unapokua na huirudisha ukichomwa, kwa hiyo kwenye karatasi hesabu inatoka sifuri. Ongeza mbolea, trekta, usafirishaji na kuchemsha kiwandani, na sifuri inatoweka. Kama kabla ya shamba palikuwa na msitu, deni ni kubwa zaidi. Huko Indonesia misitu na ardhi oevu ya mboji imekatwa na kukaushwa kupisha michikichi. Mboji hiyo ikikauka huachilia kaboni iliyokusanywa kwa maelfu ya miaka, na mawese ya shamba hilo yatachukua vizazi kuilipa.

Kwa hiyo mtu akinitajia nishatimimea, mimi humuuliza kwanza: kabla ya mmea huo, hapo palikuwa na nini?

Ule mbono uliosifiwa sana uliishia wapi?

Kati ya 2005 na 2010 mbono kaburi ulizungumzwa kama dhahabu. Uliaminika kuota penye ukame, kutoliwa na mifugo, kutoshindana na chakula na kutoa mafuta ya dizeli. Mengi ya hayo yana ukweli nusu. Unaota penye ukame, ndiyo, lakini huko hauzai vya kutosha. Ukitaka mavuno lazima uupe ardhi nzuri, maji na mbolea, yaani uupe kile ambacho mahindi nayo yanakihitaji. Mbegu hazikomai pamoja, kwa hiyo kuchuma ni kazi ya mkono ya siku nyingi. Na mashudu yake yana sumu, ng'ombe hawezi kuyala. Wazee waliokuwa wakiupanda uani na makaburini walijua ni mti wa mpaka, si wa biashara.

Kisarawe kampuni ya kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji. Wanavijiji waliahidiwa ajira na huduma. Mwaka 2011 mradi ulisimama na mamia ya watu wakakosa kazi. Kilwa, kampuni ya Uholanzi ilipewa takriban hekta 34,000, penye misitu ya asili, ikaacha kazi 2009. Kenya nayo, karibu na Malindi, mpango wa kulima mbono katika misitu ya Dakatcha ulipingwa na wenyeji pamoja na watetezi wa ndege na misitu, na haukusonga. Dakatcha ilinusurika kwa sababu watu walipiga kelele mapema.

Siku hizi tunaambiwa tulime nyonyo. Ni mbono mwingine huu?

Si lazima. Makueni kilifunguliwa kiwanda cha kukamua mafuta mwaka 2022 na kampuni ya Italia, na mafuta ya kwanza yakasafirishwa kwenda Gela, Sicilia, mwaka huohuo. Tofauti nzuri ni kwamba mkulima hubaki na shamba lake. Tofauti na miaka ile, pia, nyonyo ina soko viwandani hata nje ya nishati. Lakini usiondoe chakula shambani kwa ajili yake. Ipande pembeni au kwenye kipande kilicholala. Taka bei iandikwe kabla ya kupanda. Na mbegu zake ni sumu kali, zisikae ndani penye watoto.

Kwa hiyo hakuna nishatimimea unayoikubali?

Ipo, na ndiyo ninayoitetea kwa moyo wote: ile inayoanzia kwenye kilichokuwa kinatupwa.

Angalia mkonge. Katika kila tani ya majani, nyuzi zinazouzwa ni kama asilimia 4 tu. Kilichobaki kilikuwa kikitiririshwa hadi mtoni na kunuka. Pale Hale, Tanga, ulijengwa mtambo wa bayogesi wa kilowati 150 wa kutumia mabaki hayo, wa kwanza wa aina yake duniani. Viwanda vya sukari vya Kakira, Uganda, na TPC, Moshi, huchoma makapi ya miwa na kujitosheleza kwa umeme. Rwanda iliweka mitambo ya bayogesi katika magereza makubwa, ikitumia kinyesi cha wafungwa, na matumizi ya kuni jikoni yakapungua sana. Molasi ya viwanda vya sukari, kama ile ya Muhoroni, Kenya, inayogeuzwa ethanoli, ni ya kundi hili pia; hakuna aliyenyimwa ugali ili ipatikane.

Hasara yake ni kwamba taka zina kikomo. Molasi ya Kenya nzima haitoshi kuendesha magari ya Nairobi, na kiwanda cha miwa kikisimama, ethanoli nayo inasimama.

Bayogesi ya nyumbani inahitaji ng'ombe wangapi?

Wawili wanaofugwa ndani watakutosha kwa mtambo mdogo wa mita za ujazo 4 hadi 6. Utahitaji samadi kilo 20 hadi 40 kila siku, na maji karibu kiasi hichohicho. Ng'ombe wakichungwa malishoni mchana kutwa, samadi itabaki huko na mtambo utakufa njaa. Kama maji unayabeba kichwani kutoka mbali, fikiria kwanza nani atayabeba, kwa kuwa mara nyingi si yule aliyeamua mtambo ujengwe. Chunguza viungio vya bomba kwa povu la sabuni. Methani inayovuja huharibu anga kuliko hewa ukaa, na jikoni inaweza kulipuka. Tope linalotoka ni mbolea nzuri. Wengine huniambia wanaithamini kuliko gesi yenyewe.

Gari langu likiwekewa petroli yenye ethanoli litaharibika?

Mchanganyiko wa asilimia 10 haudhuru magari mengi ya kisasa. Kenya iliwahi kuuza mchanganyiko kama huo miaka ya 1980. Magari ya zamani yanaweza kupata shida ya mipira na gasketi, na ethanoli hunyonya unyevu, kwa hiyo usiache gari limesimama miezi mingi na mafuta hayo tangini.

Ukilazimishwa kuchagua, utachagua kipi?

Kwa gridi ya nchi ya Bonde la Ufa, jotoardhi, bila kusita. Kwa jiko la mfugaji wa Kiambu au Rungwe, bayogesi. Kwa magari madogo ya mjini, umeme huohuo wa mvuke wa usiku unaopotea sasa. Ethanoli na mafuta ya mimea ningeyabakiza kwa kile ambacho waya haukifikii, na yatoke kwenye mabaki.

Mwekezaji amekuja kijijini kwetu akitaka ardhi ya mradi. Tuulize nini?

Kama ni jotoardhi, ulizeni maji ya kuchimbia yatatoka wapi, maji yenye chumvi yatarudishwa wapi, nani atapima gesi na matokeo yatabandikwa wapi myaone. Ulizeni kama kijiji kitaunganishwa umeme, maana wapo wanaoishi chini ya nyaya kubwa na bado wanawasha koroboi. Kama mtahamishwa, hati ya ardhi mpya iwe mkononi kabla ya lori la kwanza kupakia. Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawapa jamii nafasi ya kusajili ardhi yao. Sajilini kabla hajarudi mara ya pili.

Kama ni mashamba ya mafuta, takeni hekta chache za majaribio kwanza, mwone mavuno kwa macho. Ahadi ya zahanati na barabara iandikwe ndani ya mkataba pamoja na tarehe, si kwenye hotuba.

Na kwa Tanzania kuna jambo moja ambalo vijiji vingi huligundua wakiwa wamechelewa. Ardhi ya kijiji ili apewe mwekezaji wa kigeni huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Mradi ukifa, hairudi kijijini yenyewe. Inabaki mikononi mwa serikali, na inaweza kupewa mwekezaji mwingine. Kwa hiyo swali la kuulizwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kabla mkono wowote haujanyooshwa kupiga kura, ni hili: huyu akiondoka, ardhi itakuwa ya nani, na hilo limeandikwa ukurasa gani?